Moto Ndani ya Chombo

Leo tutazungumza juu ya jiko ndani ya mashua na jahazi.

Chombo kitokacho Mtwara kwenda Msimbati, na mpaka mlango wa Ruvuma, huweza kulala baharini. Penye mafungu ya mchanga hungoja maji yajae. Mabaharia wapate kula nini bila moto? Jiko, basi, ni la lazima. Lakini chombo ni mbao, kamba, tanga, na pamba ya kalafati iliyolowa mafuta. Vyote hivyo huwaka. Kwa hiyo yatupasa kuujengea moto nyumba yake.

Kwanza, tengenezeni sanduku la mbao nene. Ndani lipigeni bati, kisha tieni mchanga mkavu, unene wa nusu shibiri. Kingo zizidi mchanga kwa vidole vinne, ili jiko lisiteleze nje. Chini ya sanduku wekeni vipande viwili vya mbao, hewa ipite, ubao wa chombo usipate joto. Lifungeni sanduku kwa waya, wala si kwa kamba, maana kamba huungua. Jiko nalo lifungeni kwa waya ndani ya sanduku.

Pili, chagueni mahali. Cheche hufuata upepo. Basi tanga, nyavu na petroli visikae upande uendako upepo. Kumbukeni kwamba kaskazi na kusi hazivumi upande mmoja. Mahali palipofaa mwezi wa Januari huenda pasifae mwezi wa Julai. Upepo ukiwa mkali, msiwashe. Pikeni pwani kabla ya kutweka.

Tatu, jihadharini na petroli ya mashine. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka ngamani, ukakaa huko kama maji, wala hauonekani. Cheche moja yatosha kuulipua. Zimeni jiko na taa ya moto kabla ya kutia petroli. Msiwashe mkaa kwa petroli kamwe. Petroli ikishika moto msiimwagie maji, kwa kuwa huelea juu ya maji na kuusambaza moto. Tupieni mchanga, au funikeni kwa gunia lililolowa.

Sasa nafika kwenye jambo kubwa la leo. Usiku wa kusi una baridi. Baharia aliyelowa hutamani kuliingiza jiko la mkaa chini ya turubai, au ndani ya shetri, apate joto. Ndugu zangu, msifanye hivyo! Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Mkaa mwekundu usiotoa moshi ndio udanganyao zaidi, kwa maana mtu huona moto mzuri akajilalia. Sumu hiyo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, yaani ile hewa tuihitajiyo ili tuishi. Mwili hukosa hewa hiyo, na mtu aliyelala huweza kufa bila kuamka. Kuacha upenyo mdogo katika turubai hakutoshi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Watu wawili wakiumwa kichwa pamoja karibu na jiko, msiseme ni uchovu wa safari. Watoeni nje upesi kwenye upepo. Asiyepumua apewe pumzi kwa mdomo. Kisha wapelekeni kwenye zahanati iliyo karibu, au hospitali ya Ligula mjini Mtwara, hata kama wameamka, kwani hutakiwa kupewa oksijeni.

Mnasema, basi baridi tuiondoe kwa nini? Wekeni nguo kavu na blanketi ndani ya mfuko usiopenya maji. Kunyweni chai ya moto iliyopikwa penye uwazi. Kisha uzimeni mkaa kwa maji ya bahari, mpaka usilie tena, ndipo mlale.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini sanduku hufungwa kwa waya?
2. Mvuke wa petroli hukaa wapi ndani ya chombo?
3. Katika chombo chenu, jiko liko wapi, na usiku huwekwa wapi?

Swali la tatu kaliulizeni hata nyumbani. Kwaherini.