Kulehemu na Kulehemua



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, nadhani alitazamia nitaeleza habari za utumishi serikalini. Namwomba radhi. Habari za mafaili mtazipata za kutosha huko mwendako. Mimi nimekuja na kisanduku hiki cha bati, chenye ukubwa wa daftari, pamoja na pasi hii ya kulehemu. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyojifunza, nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, kubandua na kubandika vipande vya umeme katika kompyuta ya gari, mezani kwangu, hapa hapa Bagamoyo. Na jinsi nilivyoharibu mali ya mtu kabla sijajua.

Kisanduku hiki ndicho mafundi wa gereji hukiita kontrolboksi. Hupokea habari kutoka sehemu mbalimbali za injini: joto la maji, wingi wa hewa inayoingia, mzunguko wa kranki. Kisha, mara nyingi katika kila sekunde moja, huamua petroli imwagwe kiasi gani na cheche ipigwe wakati gani. Magari mengi ya Kijapani yaliyoundwa tangu miaka ya 1990, haya yaliyojaa barabara yetu ya kwenda Dar es Salaam, yanacho. Kikifa, gari huwa banda lenye viti.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, anayo pikapu ya mwaka 1993. Hununua samaki sokoni kwetu, huwapanga na barafu, na kuwapeleka Dar es Salaam. Karo za watoto wanne, na chakula cha nyumba nzima, hutoka katika pikapu hiyo. Basi ikaanza kusumbua. Asubuhi iliwaka kwa taabu. Ikifika Mapinga ilikohoa. Siku nyingine ilizima kabisa na samaki wakaharibika njiani. Gereji moja ikamwambia kwamba kontrolboksi imekufa, atafute nyingine, shilingi 650,000. Hakuwa nazo. Akaja kwangu.

"Shemeji," akasema, "wewe umesoma. Hebu kitazame."

Vijana, mtakapofika Chuo Kikuu mtalijua jambo hili. Jamaa zako hawaulizi ulisoma nini. Mimi nilisoma uchumi, lakini kwa shemeji yangu aliyesoma amesoma, na kompyuta ni kompyuta. Kosa langu ni kwamba na mimi niliamini hivyo.

Tulipofungua skrubu nne na kuinua kifuniko, ilitoka harufu ya samaki waliooza. Shemeji akacheka, akasema, "Wameingia mpaka humu!" Nami nikacheka, nikachukua kitambaa nikapangusa. Nilikuja kugundua baadaye kwamba harufu ile ndiyo iliyokuwa jibu lenyewe, na haikuwa na uhusiano wowote na samaki wake.

Nitaeleza. Juu ya bodi ile kuna vikopo vidogo vya aluminiamu, mfano wa ncha ya kidole, viitwavyo kapasita. Kazi yao ni kuhifadhi umeme kidogo na kutuliza mawimbi yake, kama vile mtungi unavyopokea maji ya bomba linalokatika-katika ili jikoni wasikose. Ndani ya kikopo kuna utepe wa aluminiamu uliosokotwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa dawa ya majimaji. Adui yake ni joto. Mafundi wana kanuni yao: kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Sasa fikirini gari lililosimama juani huku pwani kwa zaidi ya miaka ishirini. Mpira unaoziba kitako cha kikopo huchoka, dawa huvuja, hutambaa juu ya bodi, hula vanishi, kisha hula njia nyembamba za shaba zilizo chini yake. Na dawa ya baadhi ya kapasita hizo, ikivuja, hunuka kama samaki. Pasi ikiigusa, ndiyo hunuka zaidi.

Mimi sikujua hayo. Niliona tu kikopo kimoja kimezungukwa na doa la kahawia, nikasema ndicho hicho. Nikanunua pasi ya wati 40 na waya wa risasi. Sikufanya mazoezi hata siku moja. Usiku huo nikaweka ncha ya pasi kwenye mguu mmoja wa kapasita, na kwa mkono wa pili nikavuta kwa koleo. Haikutoka. Mguu ule umeungwa na uwanja mpana wa shaba, na shaba hunyonya joto kama mchanga unavyonywa maji; risasi haikuwa imeyeyuka yote. Nikaongeza nguvu. Ikatoka, pamoja na pete ya shaba iliyouzunguka mguu, na pamoja na kipande cha njia ya shaba chenye urefu wa punje ya mchele. Kimeng'oka kama ganda la kidonda.

Nitawaambia jambo ambalo sijapata kulisema hadharani. Usiku ule niliwaza kunyamaza. Gereji walikwisha sema kimekufa. Nani angejua kwamba aliyekiua hasa ni mimi? Ningekirudisha, ningesikitika pamoja na shemeji, na heshima yangu ya msomi ingebaki pale pale. Nililala vibaya. Asubuhi nikaenda kwao kabla ya kwenda kazini.

"Shemeji, kile kisanduku nimekiharibu mimi. Kilikuwa kigonjwa, mimi nimekimaliza."

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Basi shemeji, kilichokufa mara mbili hakina cha kuogopa. Endelea nacho." Dada yangu, aliyekuwa akipepeta mchele, hakucheka wala hakuinua uso.

Nikaenda kwa mzee mmoja, fundi redio, ambaye ukumbi wake wengi wenu mmeupita bila kuutazama. Ameshika kazi hiyo tangu redio zilipokuwa na valvu za kioo. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Akaitazama bodi kwa lenzi yake, muda mrefu.

"Ulivuta."

"Ndiyo, mzee."

"Risasi haivutwi. Inaombwa." Akanirudishia. "Nenda kaniletee bodi mbovu. Redio, televisheni, chochote. Hii iweke kabatini, usiiguse mpaka nikwambie."

Hakuniambia kwa miezi miwili. Kila jioni baada ya kazi, katika meza ambayo mama watoto aliihesabu kuwa imekwisha potea, nilitoa kipande kimoja katika bodi ya redio na kukirudisha, nikakitoa na kukirudisha, mara kumi. Jumamosi mzee alitazama na kukataa. Nayaeleza hapa kwa vijana yale niliyoyapata, kwa maana hakuna aliyeyasema darasani wakati wetu.

Ncha ya pasi iwe safi na inayong'aa, imepakwa risasi kidogo. Ncha nyeusi haipitishi joto hata iwe nyekundu. Iguse mguu wa kipande na pete ya shaba kwa pamoja. Waya wa risasi hauwekwi juu ya pasi, bali mahali pa kuungwa, ili joto la shaba yenyewe ndilo liiyeyushe. Sekunde mbili, tatu, ondoa. Kiungo kizuri kinang'aa na kina miteremko kama kichuguu kidogo. Kiungo kilichosimama mviringo, kama tone la maji juu ya jani la mgomba, kimedanganya: kimekaa juu, hakikushika.

Hayo ni ya kulehemu. Kulehemua ndiko kugumu, na siri yake ya kwanza ilinishangaza. Ukitaka kuondoa risasi ya zamani, kwanza ongeza mpya. Risasi iliyokaa miaka imeota kutu juu na haipokei joto. Mpya inakuja na utomvu wake ndani ya waya, utomvu huo unakula kutu, na joto linapita kote kwa mara moja. Hapo ndipo unaweza kuinyonya kwa pampu ndogo ya mkono au kwa utepe wa nyuzi za shaba. Mchanganyiko wa bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwa nyuzi 183. Ule usio na risasi, ambao viwanda vingi vya vyombo vya umeme hutumia tangu sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya ilipoanza kufanya kazi mwaka 2006, huhitaji kama 217. Kwa hiyo ukiuchanganya na wa zamani, unaushusha kiwango chake na kuuokoa ubao usiungue.

Utomvu wenyewe ni wa msonobari. Hapa naomba kuchepuka kidogo. Karne ya 19, sandarusi iliyochimbwa katika pwani hii ya Mrima ilipitia Zanzibar hadi Salem, Marekani, ikafanywa vanishi ya samani na magari ya farasi. Utomvu wa miti yetu ulikuwa ukiyapamba magari ya watu kabla hayajawa na injini. Basi bodi hii nayo imepakwa vanishi, ya kiwandani, kuikinga na unyevu, na lazima uikwangue polepole kabla pasi haijafika. Wala msije mkatumia ile tindikali ambayo mafundi bati hutumia kuungia vibatari na ndoo. Kwa bati ni dawa. Kwa bodi ni sumu, itaendelea kula shaba miezi baada ya wewe kusahau.

Siku mzee aliponiruhusu, nilitoa kapasita zote nne, si ile moja tu. Zilikuwa za rika moja na nyingine mbili zilikwisha anza kulowa chini. Nikaisugua bodi kwa spiriti na mswaki mpaka harufu ya samaki ikaisha. Ile njia niliyoing'oa tuliiziba kwa uzi mmoja wa shaba kutoka katika waya wa kawaida, mzee akishika tochi na mimi nikishika pumzi. Kapasita mpya nilizinunua Kariakoo, zenye kuhimili nyuzi 105 badala ya 85. Zote nne hazikufika shilingi elfu tano. Nikatazama mara tatu upande wa hasi, wenye mstari ubavuni, maana kapasita ikigeuzwa hupasuka.

Pikapu iliwaka mara ya pili ya kujaribu. Shemeji akaiacha inguruma nusu saa nzima, akizunguka kama anayetazama ng'ombe wa kununua.

Msije mkadhani mambo yalikwenda sawa tangu hapo. Wiki tatu baadaye ilizima tena Kiromo, na nilisemwa na ukoo mzima. Safari hii kisanduku hakikuwa na kosa: maji ya chumvi na barafu yalikuwa yamepenya sakafuni na kuotesha kutu katika plagi ya nyaya. Mpaka leo nimeletewa visanduku kumi na kimoja. Sita nimevitengeneza. Vitatu havikuwa na ubovu wowote, ubovu ulikuwa katika nyaya au katika pampu ya petroli, na wenyewe walikwisha ambiwa wakanunue vingine. Viwili vimenishinda, kimoja nimekuja nacho hiki hapa. Kisanduku cha mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga, sikigusi hata nikiombwa na mkwe wangu.

Tulipokuwa hapa, kati ya siasa yote ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967, lililotufikia sisi lilikuwa jembe tu. Silidharau jembe. Lakini tulifundishwa umeme kwa kuchora kapasita ubaoni, mistari miwili inayotazamana, na nilipata alama nzuri za mistari hiyo. Ningeiona mojawapo imepasuliwa, ningemwokolea dada yangu miezi miwili.

Ndugu Mkuu wa Shule amenikubalia nitumie maabara ya fizikia Jumamosi mbili kila mwezi. Nimeleta pasi tano, pampu tatu na katoni ya bodi mbovu nilizozikusanya kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Madirisha yafunguliwe yote. Moshi ule ni wa utomvu, si wa risasi, lakini mwenye pumu asikae mbele yake. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika mkate, maana risasi huingia mwilini kupitia mdomoni. Ile pasi yenye mpini mwekundu hupata moto kupita kiasi, msiiache kwenye umeme. Tutaanza Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, na mzee amesema atakuja, mradi atumiwe mtu wa kumbebea kiti chake.