Bert Trautmann: Adui Aliyegeuka Mwalimu wa Mpira
(Maneno ya mazungumzo kwa wazee, walimu na vijana wa Ilomba, Mbeya)



Watu wakitaja mchezo wa mpira, hutaja kwanza majina ya wafungaji. Leo nataka kuwaeleza habari za mlinda goli, mtu ambaye kwa desturi hakumbukwi ila siku anapofungwa. Huyu alikuwa Mdachi, jina lake Bernhard Trautmann, na Waingereza walimwita Bert.

Nimemchagua kwa sababu. Wazee wetu wa nyanda hizi waliwajua Wadachi kwa vita. Wahehe walipigana nao tangu mwaka 1891 hata Mkwawa alipokufa mwaka 1898, na boma la Tukuyu lilikuwa mikononi mwao mpaka mwaka 1916. Tena katika vita kuu ya pili, vijana wa Tanganyika walivaa sare za K.A.R. wakaenda kupigana mpaka Burma. Basi neno hili la kukaa na mtu aliyekuwa adui si neno geni kwetu.

Trautmann alizaliwa Bremen tarehe 22 Oktoba 1923. Alikua wakati wa utawala wa Hitler, akafundishwa uongo wa utawala ule tangu utoto. Vita ilipoanza akawa askari wa miavuli, akapigana miaka mitatu upande wa Urusi, akapewa nishani ya Msalaba wa Chuma. Huko aliona kwa macho yake raia wasio na silaha wakiuawa, na jambo hilo halikumtoka moyoni. Mwisho wa vita alikamatwa na Waingereza, akapelekwa Uingereza, akafungwa katika kambi ya mateka huko Lancashire.

Katika kambi ile mateka walicheza mpira. Trautmann hakuwa mlinda goli, alicheza katikati. Siku moja aliumia, akabadilishana nafasi na mlinda goli wao, na tangu hapo hakutoka tena golini. Mwaka 1948 alipewa ruhusa ya kurudi kwao, akakataa. Akafanya kazi shambani, akachezea timu ndogo ya St Helens Town.

Oktoba 1949 timu kubwa ya Manchester City ikamwandika. Hapo ndipo kulipozuka ghadhabu. Watu wapata 20,000 waliandamana kumpinga, na Manchester ulikuwa mji wenye Wayahudi wengi, ambao ndugu zao waliangamizwa na utawala ule alioutumikia. Wawili ndio waliobadili mambo. Wa kwanza ni Eric Westwood, mkuu wa timu, aliyepigana Normandy. Huyu alimkaribisha akasema kwamba ndani ya chumba cha wachezaji hamna vita. Wa pili ni Alexander Altmann, mwalimu wa dini wa Wayahudi wa Manchester, mtu aliyewakimbia Wadachi hao hao. Aliandika barua gazetini akasema kwamba si haki kumwadhibu mtu mmoja kwa dhambi za nchi yake nzima. Apewe nafasi, apimwe kwa matendo yake. Fikirini, wazee wangu: aliyedhulumiwa ndiye aliyemtetea.

Januari 1950 timu yake ikaenda kucheza na Fulham, London, mji uliobomolewa na mabomu ya Wadachi. Watazamaji walianza kwa kumtukana. Timu yake ilishindwa, lakini kwa goli moja tu, kwa jinsi alivyoudaka mpira. Mchezo ulipokwisha watu walisimama wakampigia makofi, na wachezaji wa timu zote mbili walijipanga wakamshangilia alipokuwa akitoka.

Siku iliyomtangaza duniani ni tarehe 5 Mei 1956, fainali ya Kombe la Uingereza, Manchester City na Birmingham City. Zikiwa zimebaki dakika 17 alijitupa miguuni pa mshambuliaji Peter Murphy, akagongwa shingo. Siku zile mchezaji akiumia hakuna wa kuingia mahali pake. Alisimama akiwa na kizunguzungu, akaendelea kuokoa mipira hata mwisho, wakashinda 3 kwa 1. Siku chache baadaye picha ya eksirei ilionyesha kwamba shingo ilikuwa imevunjika. Vijana, msimwige katika hili. Mtu aliyeumia shingo leo hutolewa uwanjani mara moja. Baada ya majuma machache mwanawe wa miaka mitano akafa kwa ajali ya gari. Hata hivyo alirudi golini, akaichezea timu ile mechi 545 mpaka mwaka 1964.

Kisha akawa mwalimu. Alianza Stockport County, akaendelea Ujerumani, na tangu mwaka 1972 alitumwa na nchi yake kufundisha mpira katika nchi changa: Burma, kisha Tanzania yetu, halafu Liberia, Pakistan na Yemen ya Kaskazini. Mdachi akaja tena nchini kwetu, safari hii bila bunduki, mkononi mpira. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya O.B.E. mwaka 2004 kwa kuwapatanisha watu wa nchi hizo mbili. Alifariki Hispania tarehe 19 Julai 2013. Mwenyewe alipenda kusema kwamba elimu yake ya kweli ilianza Uingereza, yaani mikononi mwa waliokuwa adui zake.

Mabwana walimu, Altmann hakusema makosa yasahauliwe. Alisema kila mtu abebe mzigo wake, si mzigo wa ukoo wake wote. Nasi tuna vijiji vilivyogombana zamani kwa mipaka na ng'ombe, na watoto wa leo hurithi ugomvi ambao hawakuuona. Akija kijana wa kijiji kile kutaka kucheza katika timu yenu, msimwulize babu yake alifanya nini. Mpeni mpira, mtazame anavyocheza. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.