Mbao Ndani ya Nyumba za Mwanza: Ziwekwe Zinapofanya Kazi

Mwenyekiti, mafundi seremala, wasanifu majengo na washiriki wote wa semina, mada hii ina dai moja. Nyumba ya Mwanza inahitaji mbao ndani yake, lakini inazihitaji pale zinapofanya kazi: mlango unaoshikwa kila siku, ngazi inayokanyagwa, rafu inayobeba, dari inayopunguza kishindo cha mvua. Haizihitaji kama ngozi ya kuupamba ukuta. Tukikubaliana katika hilo, maswali ya mti gani, unene gani na gharama gani hupata majibu. Tusipokubaliana, hata mninga bora utaharibikia mikononi mwetu.

Tuitazame kwanza nyumba yenyewe. Kuanzia Capri Point hadi Isamilo, Bugando na Mabatini tunajenga juu na katikati ya miamba ya itale. Tunapandisha kuta za tofali za saruji, tunaezeka bati, tunatandika marumaru na kufunga madirisha ya alminiamu. Karibu vyote hivi huirudisha sauti badala ya kuimeza, ndiyo maana sebule nyingi mpya huvuma watu wanne wakizungumza kwa pamoja, na mvua ya masika ikishuka juu ya bati mazungumzo hukatika kabisa. Tena saruji hupitisha joto takriban mara kumi kuliko msonobari mkavu. Alfajiri, ukuta huhisiwa baridi mkononi ilhali ubao ulio chumba hichohicho, wenye joto lilelile, hauhisiwi hivyo. Kwa mtoto anayetambaa na kwa mzee anayeshika mkono wa ngazi, hilo linapita urembo. Na kwenye vilima ambako gari halifiki, kila kitu hupanda kwa bega la mtu. Ngazi ya mbao huko hubebwa vipande vipande na kuunganishwa juu. Ya zege hudai mchanga, kokoto na maji vipandishwe kwanza.

Mapokeo yetu yanaunga mkono dai hili kuliko tunavyokumbuka. Kwenye makumbusho ya Bujora, Kisesa, banda la ngoma za watemi wa Usukuma limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Kiti na ngoma ndimo mti ulimopewa heshima kuu, na vyote viwili ni vitu vya kukaliwa na kupigwa, vitu vinavyoguswa na mwili wa mtu. Pwani nako, katika nyumba za kale za Lamu na Zanzibar, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu. Nakshi zikawekwa mlangoni, mahali pa kupokelea mgeni, na ukuta ukaachiwa chokaa. Wale mafundi hawakukosa uwezo wa kuchonga zaidi. Walijua mti uzungumzie wapi.

Sasa nije kwenye kiini cha mada, yaani maji yaliyomo ndani ya mbao, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Msonobari uliokatwa leo unaweza kubeba maji yenye uzito mkubwa kuliko mti wenyewe ukishakauka. Maji yakishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito huo mkavu, mbao huanza kusinyaa. Husinyaa kwa upana, lakini kwa urefu karibu haubadiliki. Katika hali ya hewa ya ufukwe huu wa Ziwa Victoria, mbao iliyokaa ndani ya nyumba hutulia kwenye asilimia 12 hadi 14 hivi. Maana yake ni kwamba ubao wa msonobari wa inchi 8 uliopigiliwa ukiwa mbichi unaweza kupungua milimita 6 au 7 baada ya kufungwa. Zidisha kwa mbao kumi na tano za dari, utaelewa kwa nini dari hufunguka mianya, mlango hukwama masika na kulegea kiangazi, na vanishi hupasuka kwenye maungio. Jambo hili halina ugeni kwetu. Fundi wa mitumbwi kwenye mwalo wowote wa ziwa hili anajua kwamba mbao zikilowa huvimba na kubanana, na kwamba mtumbwi uliokaa juani muda mrefu huvuja ukirudishwa majini. Elimu hiyohiyo, ikigeuzwa, ndiyo inayohitajika sebuleni: mtumbwi huishi kwa kulowa, nyumba huishi kwa kukauka. Kwa hiyo mbao zipangwe kivulini, zitenganishwe kwa vijiti ili hewa ipite, miisho yake ipakwe rangi isipasuke, zikae miezi kadhaa, kisha zihamie ndani ya jengo zilizoee hewa yake kabla ya msumari wa kwanza. Na fundi asizibane pande zote. Kibao cha katikati ya mlango wa paneli kikae huru ndani ya mfereji wake, bila gundi, kipate nafasi ya kupumua.

Kuhusu mti wenyewe, wateja wengi hudai mninga. Wana sababu: una rangi nzuri, huchongeka, na hutulia kuliko miti mingi baada ya kukauka. Lakini mninga ni mti wa asili wa misitu ya miombo, ile ya Tabora, Geita na Biharamulo, na huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa. Mvule, uliojenga vyombo vingi vya ziwa hili, nao umepungua. Kuutumia mti wa namna hiyo kufunika ukuta mzima wa televisheni ni matumizi mabaya, na nalisema hili bila kusita. Mninga upewe mlango wa mbele, ambako kutulia kwake kunahitajika kweli. Kazi nyingine zifanywe na miti ya kupandwa. Msonobari, unaovunwa ukiwa na takriban miaka 18 hadi 25, unafaa dari na rafu. Msaji, ambao umepandwa nchini tangu enzi za Wajerumani, unafaa ngazi na sehemu zinazolowa. Mgrevilea wa mashambani unafaa makabati. Msonobari wa Sao Hill husafiri kama kilomita 1,000 kutoka Mufindi hadi hapa, ilhali mkoa wetu una mashamba ya miti ya Serikali ya Rubya, Ukerewe, na Buhindi, Buchosa. Chochote kitakachonunuliwa, muuzaji aonyeshe hati ya kusafirishia ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Pingamizi la kwanza ni mchwa. Ni la haki, ila mara nyingi mchwa tunawakaribisha wenyewe kwa kufukia miguu ya fremu ndani ya sakafu, ikagusa udongo na unyevu. Fremu ikisimama juu ya sakafu iliyokamilika, na sehemu ya chini ikabaki wazi kukaguliwa, njia zao za udongo huonekana mapema. Oili chafu inayopakwa kwenye fremu si dawa ya ndani ya nyumba. Hunuka na huzuia rangi kushika. Pingamizi la pili ni moto. Hapa unene ndio unaoamua. Boriti au kipandio kinene huungua polepole, chini ya milimita moja kwa dakika, na mkaa unaojengeka juu hukinga kilicho ndani. Plaiwudi nyembamba juu ya jiko ni jambo jingine, na sitaitetea. Jikoni dari ibaki ya kitu kisichoungua.

La tatu, na zito kuliko yote, ni gharama. Wanasema ubao wa MDF wenye karatasi ya sura ya mti hupendeza kwa bei ndogo. Siku ya kwanza ni kweli. Lakini bomba likivuja chini ya sinki, ubao huo huvimba na hauwezi kupigwa randa wala msasa ukarudi sawa, wakati mlango wa mti halisi huvuliwa, hurandwa na kurudishwa. Mwenye fedha kidogo asinunue mbao mbaya nyingi; anunue chache nzuri, aanze na mlango mmoja na mkono wa ngazi, ukuta aupake rangi.

Ombi langu kwenu ni hili. Katika mkataba unaofuata, kabla hamjaandika jina la mti, andikeni kiwango cha maji: asilimia 14 kwenda chini, kipimo kisomwe mbele ya mteja siku mbao zinaposhushwa.