Tulilala Mpala



Katika kujitayarisha kwa yubile hii, sisi wakatekista watano tulifanya safari toka Kirungu hata Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Njia ilikuwa mbaya. Mara mbili tulishuka kusukuma kamio katika matope. Tulifika giza limekwisha kuingia, tukapewa mikeka tulale misioni.

Usingizi ulikawia. Ndipo mahali Kapiteni Storms alipoanza kujenga boma lake mwaka 1883. Mwaka 1885 likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Hayo tunapenda kuyasimulia. Lakini mzee mmoja wa kijiji, akichochea moto, alituuliza: «Na Lusinga, je, mnamwombea?»

Tulinyamaza. Mkuu Lusinga aliuawa na watu wa Storms mwaka 1884, na fuvu la kichwa chake likapelekwa Ubelgiji.

Alfajiri tulisali rozari kwa ajili ya wafu wote wa nchi ile, waliobatizwa na wasiobatizwa.

Ndugu zetu, yubile si kuhesabu miaka ya furaha tu. Tuwakumbuke vilevile wale ambao hakuna kengele iliyolia kwa ajili yao.