Maneno Tuliyorudi Nayo Kutoka Uganda



Tumepewa nafasi tuwaeleze yale maneno yanayotuchekesha kila Jumamosi kikaoni. Mwaka 2018 tulisafiri wanachama 12 kwa basi kutoka Mwanza, tukavuka mpaka pale Mutukula, tukapita Masaka hadi Kampala, kuwatembelea akina mama wa huko wanaoweka na kukopa kama sisi. Vitenge tulivyonunua vimeshapauka. Maneno bado yapo.

La kwanza ni "tugende", yaani twende. Mwenyeji wetu alituita hivyo kila asubuhi, na sisi bado tunatafuta viatu. Siku hizi saa nane ikifika, mwenyekiti akisema "tugende", sanduku linafunguliwa. Aliyechelewa, faini.

La pili ni "gyebaleko". Waganda humsalimu hivyo mtu aliye kazini, kumpongeza kwa kazi yake. Jamani, sisi tumefua na kulima miaka yote, nani alitupongeza? Sasa mweka hazina akimaliza kuhesabu, wote tunamwambia.

La tatu ni "mstari". Pale Kayabwe, barabara ya Masaka kwenda Kampala, Ikweta imechorwa chini. Tuliruka kama watoto, mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Basi, rejesho likichelewa tunasema: "Mwenzetu, umevuka mstari!" Mtu anacheka, kisha analeta.

Lakini mwenzetu mmoja ambaye hakusafiri alisimama kikaoni akasema: "Mstari nimeuvuka kweli, ila nimevushwa na shida. Mwanangu amelazwa." Kikao kikanyamaza. Siku ile ile tukapitisha kwamba mwenye mgonjwa au msiba haambiwi "mstari". Yeye huambiwa "mpola mpola", yaani polepole, na hupewa muda. Tena kila neno la safari lifafanuliwe kwa wote, asiwepo wa kucheka na wa kutazama tu.

Mama yule alimaliza deni lake lote. Leo ndiye anayepaza sauti ya "tugende" kutushinda sisi tuliopanda basi.

Kudai ni kazi ngumu, hasa kumdai jirani unayechota naye maji. Utani umetusaidia kudai bila kugombana, na tumefika miaka 10.

Kwa watu wengi husemwa hivi: mugyebaleko, akina mama!