Kuwafundisha Wajumbe Waliochaguliwa Kutunza Siri za Serikali

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa kusema machache juu ya utunzaji wa siri za Serikali. Jambo hili kila karani alifundishwa siku alipokabidhiwa funguo za kabati, kwa hiyo leo hatutasema juu ya makarani. Twataka kusema juu ya wakubwa wetu waliochaguliwa kwa kura, yaani wabunge na madiwani.

Karani aingiapo kazini hutia sahihi yake, akafundishwa namna ya kuipokea barua ya siri, kuiandika daftarini na kuifungia. Mjumbe huletwa na kura za watu. Huapa, hupewa karatasi, na mara nyingi hapana amwelezaye ni ipi isomwayo hadharani na ni ipi isiyotoka chumbani. Huko Marekani msaidizi wa mjumbe wa Bunge huchunguzwa mwenendo wake kabla ya kuonyeshwa karatasi za siri, walakini mjumbe mwenyewe hachunguzwi hivyo, maana ruhusa yake ni kura. Wala hatusemi kuwa ni vibaya. Kama Serikali ingepewa uwezo wa kumkataa mjumbe, ingejichagulia yenyewe wa kuisimamia. Lakini asiyechunguzwa hana budi kufundishwa.

Tutoe mfano. Tarehe 12 Novemba 1947, Hugh Dalton, Waziri wa Fedha wa Uingereza, alikuwa akienda Bungeni kusoma makadirio ya kodi. Njiani alikutana na mwandishi wa gazeti, akamdokezea kodi zitakazoongezwa, na ya pombe mojawapo. Gazeti likazichapa kabla Waziri hajazitamka Bungeni. Kesho yake akajiuzulu. Mtu huyu hakuwa adui wa nchi yake, wala hakuuza neno kwa fedha. Alikuwa na elimu nyingi, naye aliteleza kwa maneno machache tu. Wazee wetu walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Nasi tumeyaona ya namna hiyo karibu. Katika afisi moja ambayo hatutaitaja, bei za wakandarasi zilijulikana mjini kabla kamati haijakata shauri. Mjumbe mmoja alikuwa ameupiga picha ukurasa kwa simu yake, akampelekea rafiki mmoja tu, na rafiki naye alikuwa na rafiki. Walakini aliyeitwa kwanza kujieleza ni karani mwenye funguo. Alikaa nyumbani miezi miwili akingoja hukumu, na jirani zake wakimwita mwizi. Kilichomwokoa ni daftari lake, lililoonyesha nani alipewa karatasi, siku gani na saa ngapi.

Basi twaona kwamba baada ya kila uchaguzi, kabla ya kikao cha kwanza, itengwe siku moja ya mafundisho. Mjumbe aonyeshwe alama za karatasi na maana yake. Aambiwe kwamba karatasi ya siri husomwa mahali pake, haichukuliwi nyumbani, wala haipigwi picha. Aelezwe kuwa kumwambia mtu mmoja ni kuwaambia wote. Tena aambiwe adhabu iliyomo katika sheria, asije akasema hakuijua.

Lakini afundishwe na upande wa pili. Siri si pazia la kufunikia wizi. Tanzania na Kenya zote mbili zilitunga mwaka 2016 sheria za kuwapa wananchi haki ya kupata habari. Mjumbe aliyefundishwa vema hatatishwa na mhuri uliopigwa juu ya karatasi ili kuficha aibu ya mkubwa fulani. Atauliza kwa njia zilizo halali: mbele ya kamati, kwa Spika, au kwa wakaguzi wa hesabu. Asiyefundishwa huropoka yote, au huogopa yote, na katika hali zote mbili raia hupata hasara.

Na sisi makarani, yatupasa tuwe na heshima pamoja na uthabiti. Si utovu wa adabu kusema, “Mheshimiwa, karatasi hii haitoki chumbani, naomba utie sahihi hapa.” Neno hilo laweza kumwokoa mjumbe na cheo chake, nasi na mkate wa watoto wetu.