KUBOMOA BWAWA DOGO KATIKA KIJITO: KIBALI KWANZA, JEMBE BAADAYE

Mada kwa wakazi wa Kata ya Mtua

Katika mabonde ya Nachingwea na Ruangwa, tuta dogo la udongo na magogo lililozuia kijito si jambo geni. Wapo waliolijenga kwa ajili ya bustani, wapo waliotaka mifugo ipate mahali pa kunywea, na wapo waliorithi tuta hilo kwa wazee wao. Miaka ikipita, bwawa hujaa tope, tuta huoza, na walio chini ya kijito hulalamika kwamba maji hayawafikii. Hapo ndipo hutokea wazo la kuchukua jembe na kulikata tuta usiku mmoja. Wazo hilo ni la hatari.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Bwawa linapokatwa ghafla, maji yaliyotulia kwa miezi huteremka kwa pamoja, yakibeba tope lililolundikana chini yake. Tope hilo hufukia mashamba ya mpunga, huziba visima vya kuchota kwa mkono na huharibu vivuko. Nchi jirani ya Kenya ina kumbukumbu ya uchungu: usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba binafsi lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Bwawa hilo lilikuwa kubwa kuliko ya vijiji vya Mtua, lakini kanuni ni ileile: maji yaliyozuiwa hayana huruma yakiachiwa bila mpango.

Sheria inasemaje? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inatamka kuwa maji yote ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Kuchota maji kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Kuzuia kijito, kuyachepusha maji au kuyahifadhi kwa tuta kunahitaji kibali cha kutumia maji, na sheria hiyo ina sehemu nzima inayohusu usalama wa mabwawa. Kwa hiyo, mwenye shamba anaweza kudai kuwa tuta amelijenga kwa jasho lake. Maji yaliyo nyuma ya tuta si yake peke yake. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto, ambako shughuli za kudumu za binadamu zenye kuharibu mazingira zimekatazwa.

Mwenye dhamana ya mito ya ukanda huu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara. Mwananchi anayetaka kuondoa bwawa hapaswi kukata tamaa kwa umbali huo, kwa maana safari huanzia kijijini.

Kwanza, mwombaji aieleze serikali ya kijiji, na walio juu na chini ya kijito wasikilizwe. Anayenywesha ng'ombe bwawani ana haki ya kusikika, kama ilivyo kwa anayekosa maji chini yake. Pili, muhtasari wa kikao upelekwe kwa Mtendaji wa Kata, ukieleza mahali lilipo bwawa, aliyelijenga, na kama lilikuwa na kibali. Tatu, ofisa mazingira wa wilaya aombwe kufika eneo hilo. Nne, maombi ya maandishi yawasilishwe kwa Bodi, na kazi isianze kabla ya jibu la maandishi. Ruhusa ya mdomo haimlindi mtu jirani akidai fidia.

Kibali kikipatikana, kazi ifanyike wakati wa kiangazi, kijito kikiwa chembamba. Maji yapunguzwe kidogo kidogo, tope lichotwe na kuwekwa mbali na mkondo, kisha tuta liondolewe kuanzia juu kwenda chini. Kingo zilizobaki wazi zipandwe majani ili mvua za Desemba zisizimege. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake viliukata usafiri wa barabara katika Mkoa wa Lindi. Hakuna sababu ya kuiongezea mvua kazi ya kubomoa.

Tuta linalovuja au kupasuka nyufa ni jambo la dharura. Taarifa itolewe siku hiyohiyo kwa Mwenyekiti wa Kijiji na Mtendaji, na walio chini wahamishwe kwanza.

Ndugu wananchi, kijito kimoja hunywesha kaya nyingi. Anayefuata utaratibu huchelewa kwa muda tu. Anayeuruka huweza kumpotezea jirani mavuno ya mwaka mzima.